Ng'ombe wa maziwa hawalali mchana, banda la bati Pongwe. Nianze kurekebisha wapi?

MfugajiPongwe

Salaam wakuu. Naomba ushauri wa watu wanaofuatilia tafiti za ustawi wa mifugo, siyo ule wa "mpe jiwe la chumvi atapona".

Ng'ombe ni wanne, chotara wa Friziani: wawili wanakamuliwa, mmoja amekaushwa anasubiri kuzaa, mmoja mtamba. Wakubwa wana kilo 400 na ushee kwa utepe. Banda lina urefu wa mita 8 na upana wa mita 5, paa la bati lililochakaa, ukingo wa chini wa paa uko futi 7 kutoka sakafuni. Pande tatu kuna ukuta wa matofali unaofika kifuani mwa mtu, upande wa nne ndiko kuna hori. Sakafu ni zege. Vitanda viko vinne vya mbao, kila kimoja urefu futi 6 na upana futi 4, mbele yake ukuta, matandiko hakuna.

Kuanzia saa nne asubuhi mpaka karibu na magharibi wanasimama tu. Wengine wanapandisha miguu ya mbele kitandani na ya nyuma inabaki kwenye njia ya mavi. Kaskazi likiingia wanahema haraka na maziwa yanashuka. Chakula kipo (mabingobingo, pumba, mashudu ya alizeti), kupe hawapo, kiwele kimepimwa hakina shida.

Nasikia watafiti siku hizi wanapima mpaka saa za kulala za ng'ombe. Hayo yana maana kwa mtu wa Tanga au ni mambo ya Ulaya? Na kama pesa inatosha jambo moja au mawili, lipi litangulie? Pembeni kidogo: ndama hapa wanatengwa na mama siku ileile ya kuzaliwa, na pembe zinachomwa kwa chuma bila ganzi. Nataka kujua kama kuna ushahidi wa kuyaacha hayo.

KwatoNaKiwele

Aleikum salaam mkuu. Ulivyoeleza banda, jibu liko humohumo kwenye vipimo vyako.

Ng'ombe wa maziwa akiwa na mahali pazuri hulala saa 10 hadi 12 kwa siku, kwa vipindi vingi, siyo kwa mkupuo. Cassandra Tucker na wenzake walizipitia tafiti za jambo hili mwaka 2021 na picha ni hiyo. Lakini idadi ya saa siyo hoja kubwa. Hoja ni jinsi ng'ombe mwenyewe anavyolipa uzito jambo hilo. Huko Denmark, mwaka 2005, Lene Munksgaard na wenzake waliwabana ng'ombe muda wa kula, wa kulala na wa kukaa na wenzao kwa pamoja, waone atatupa kipi. Kulala alikilinda kuliko kula. Kwa hiyo ng'ombe anayesimama mchana kutwa hajapenda kusimama, kuna kitu kinamnyima. Kwako naona viwili, joto na kitanda, na ukirekebisha kimoja ukaacha kingine utasema utafiti ni uongo.

Joto kwanza. Wisconsin, mwaka 2007, Nigel Cook na wenzake walifuatilia kundi lilelile kipindi cha baridi na cha joto. Saa za kulala zilishuka kutoka 10.9 hadi 7.9 kwa siku. Sababu yake inaeleweka: akisimama, ngozi ya tumbo na ubavu inapata hewa, akilala nusu ya mwili imefunikwa. Anauza mapumziko ananunua upepo. Gharama inakuja baadaye kwenye kwato, maana saa hizo za ziada anazisimama juu ya zege lenye mavi na mkojo, ukucha unalainika, na kuchechemea kunaanza wiki kadhaa baada ya joto lenyewe kupita. Ndiyo maana watu wengi hawaunganishi mambo haya mawili.

Pima mwenyewe, usikisie. Nunua kipimajoto chenye kipimo cha unyevu, kining'inize bandani kimo cha mgongo wa ng'ombe, mbali na bati. Halafu piga hesabu ya THI, kipimo kinachochanganya joto na unyevu:

zidisha nyuzi joto kwa 1.8, liite jibu hilo A. Zidisha unyevu (mfano 75) kwa 0.0055, toa kwenye 0.55, liite B. THI = A + 32 – B × (A – 26).

Mfano wa mchana wa kaskazi, nyuzi 31 na unyevu 75: A ni 55.8, B ni 0.1375, THI inatoka 83.7. Usiku wa nyuzi 24 na unyevu 90: THI ni 74.3. Kizingiti cha zamani, cha joto kuanza kumsumbua ng'ombe, kilikuwa 72. Watafiti wa Arizona mwaka 2009 walikishusha hadi 68 kwa ng'ombe wanaotoa maziwa mengi sana. Sasa angalia hesabu ya usiku. Shida ya pwani yetu siyo mchana peke yake. Mtu wa Lushoto mchana wake unaweza kuwa mkali lakini usiku ng'ombe anapoa, deni linalipwa. Huku deni linavuka usiku.

Na mnyama mwenyewe anasoma vizuri kuliko kifaa. Simama asipokuona, hesabu ubavu unavyopanda kwa sekunde 30, zidisha mara 2. Chini ya 60 bado yuko sawa. 60 hadi 80 joto limempata. Akivuka 80, au akifungua mdomo na kutoa ulimi, hapo usisubiri jioni. Hesabu saa kumi na mbili asubuhi na saa tisa mchana. Ikiwa asubuhi bado anahema juu ya 60, ujue usiku hakupoa.

FundiBanda

Naongezea upande wa jengo, maana hapo ndipo pesa yako itakapokwenda.

Eneo siyo tatizo. Mita 8 kwa 5 ni mita za mraba 40, yaani 10 kwa kila ng'ombe. Mamlaka ya usalama wa chakula ya Umoja wa Ulaya, EFSA, mwaka 2023 ilipendekeza angalau 9 kwa ng'ombe, jumla na pa kulala. Umepita.

Tatizo la kwanza ni ukuta. Ukuta wa kifuani unaonekana mfupi kwa sababu wewe umesimama. Ng'ombe aliyelala yuko chini ya mita moja, kwa hiyo upepo wote unampita juu ya mgongo. Akisimama anaupata, akilala anaukosa, unamfundisha kusimama. Bomoa upande unaotazama kaskazi na ule wa kusi, bakiza kozi moja au mbili za chini kuzuia maji ya mvua kuingia, juu yake weka boriti za mlalo. Hofu ya masika inatibika kwa turubai la kuviringisha na kwa kuongeza paa litoke nje karibu mita moja. Usilishushe turubai mchana mzima kisa mawingu.

La pili ni paa. Futi 7 ni chini mno. Bati lililochakaa linapashwa na jua na kumrushia joto mnyama mgongoni hata kama yuko kivulini. Ukiweka kiganja chini ya bati saa saba mchana utalihisi bila kuligusa. Lenga futi 10 ukingoni, na kwenye kipeo acha mwanya wa sentimita 30 uliofunikwa kwa kofia ya bati ili hewa moto itoke. Kama kunyanyua paa hakuwezekani mwaka huu, paka rangi nyeupe ya paa juu (chokaa tupu itaoshwa na masika ya kwanza), na chini ya bati funga makuti, ukiacha nafasi ya shubiri moja kati yake. Makuti yatazaa panya na ni hatari kwa moto, kwa hiyo nyaya za umeme zipitishwe kwenye paipu.

La tatu, kitanda, na hapa ndipo ile miguu miwili juu miwili chini inapotokea. Futi 6 ni mita 1.83. Ng'ombe wa kilo 400 anahitaji mita 2.2 au zaidi kidogo. Upana wa futi 4 unatosha. Mbele ya kitanda usiweke ukuta kabisa: ng'ombe akiinuka ananyanyua kwanza matako, na ili ayanyanyue lazima arushe kichwa mbele zaidi ya nusu mita. Akikuta ukuta, anajifunza kuinuka kwa shida, kisha anaamua asilale. Boriti ya shingo (ile ya mlalo upande wa mbele inayomzuia asisogee mbele mno akisimama) iwe kimo cha mita 1.05 hadi 1.1 kutoka juu ya matandiko, siyo kutoka kwenye zege. Ikiwa chini mno au nyuma mno, ndiyo hiyo nusu kitandani nusu njiani.

Ng'oa mbao. Fukua zege la kitanda kama lipo, ubaki na udongo ulioshindiliwa wenye mteremko mdogo kuelekea njia. Nyuma jenga kizuizi cha sentimita 20. Jaza mchanga wa sentimita 15. Kwa vitanda vinne vya mita 2.2 kwa 1.2 ni mita za ujazo 1.6, karibu tani 2 na nusu.

Mchanga wa mto, siyo wa ufukweni. Wa ufukweni una chumvi, na chumvi inavuta unyevu kutoka hewani. Utakuwa na kitanda kinachotoa jasho usiku. Usiwe na kokoto pia. Na ukishajaza, usiache ushuke. Watafiti wa chuo kikuu cha British Columbia, Canada, walipima mwaka 2005: kila sentimita moja mchanga unaposhuka chini ya kizuizi, ng'ombe anapunguza dakika 11 za kulala kwa siku. Sentimita 6 tayari ni zaidi ya saa nzima.

Kuna mtu mmoja ambaye mchanga haumfai: mwenye mtambo wa biogesi. Mchanga unakwenda na mavi, unatulia chini ya tangi, na baada ya muda tangi limejaa mchanga na gesi hakuna. Huyo atumie maranda au pumba za mpunga.

KwatoNaKiwele

Kwa maranda kuna sharti moja tu na halina mjadala: yawe makavu. Jose Fregonesi na wenzake, hukohuko British Columbia, mwaka 2007 waliwapa ng'ombe unga wa mbao mkavu na wenye maji. Kwenye mkavu walilala saa 13.8 kwa siku, kwenye wenye maji 8.8. Walipoachiwa wachague, saa 12.5 walilala pakavu na chini ya saa moja pakiwa na maji. Kwa hiyo ukimwona amesimama pembeni ya kitanda chenye mkojo, amekwishajibu swali lako.

Kiasi nacho kina maana. Kilo 7 na nusu za unga wa mbao juu ya godoro la raba ziliongeza saa moja na nusu ya kulala ukilinganisha na godoro tupu. Raba peke yake, ambayo wauzaji wanaisifia sana, ni nusu ya kazi.

Maranda mabichi ya mbao zilizopasuliwa juzi yanabeba bakteria wa Klebsiella, na ugonjwa wa kiwele unaoletwa na huyo ni mbaya na haukubali dawa kirahisi. Yaanike juani siku mbili tatu, yageuze. Sehemu ya nyuma ya kitanda, theluthi ile inapofika kiwele, toa mavi kila unapokamua na uongeze kavu.

Kipimo cha bure: piga magoti kitandani kwa suruali safi, hesabu mpaka 25. Magoti yakiuma, ni pagumu. Yakilowa, ni pabichi. Basi.

Mabingobingo

Nakubali mengi ila niwarudishe kidogo. Tafiti mlizotaja ni za Friziani halisi wa lita 35 kwa siku. Chotara wetu wa lita 8 au 12 ana damu ya zebu, anatoa jasho vizuri zaidi, na kwa sababu maziwa ni machache joto analotengeneza ndani yake pia ni dogo. Kile kizingiti cha 68 ukikileta Pongwe ng'ombe wote wa Tanga watakuwa wagonjwa mwaka mzima. Nambari hizo zisimtishe mtu. Yale matumizi ya kuhesabu pumzi ndiyo ya kushika, maana kila mnyama anajipimia.

Mtu akiwa na pesa ndogo, kabla ya kugusa paa abadilishe saa za kulisha. Kucheua na kumeng'enya majani makavu kunatengeneza joto tumboni, na joto hilo linafika kilele saa chache baada ya kula. Ukimjazia hori saa mbili asubuhi, kilele kinakutana na jua la utosi. Weka sehemu kubwa ya chakula, theluthi mbili hivi, kuanzia saa kumi na mbili jioni, kingine alfajiri kabla ya kukamua. Mabingobingo yakatwe machanga, kimo cha mita moja hadi moja na robo. Yaliyokomaa ni mti tu. Pumba na mashudu yasilimbikizwe kwa mlo mmoja kwa sababu eti hali majani: ng'ombe mwenye joto anahema sana, mate yanamdondoka badala ya kumezwa, na mate ndiyo yanayozuia tumbo lisichachuke.

Maji yawe karibu na hori na kivulini, muda wote. Anayekamuliwa anaweza kumaliza lita 60 hadi 100 kwa siku ya joto. Ndoo ya lita 20 inayojazwa mara mbili ni mzaha. Nusu pipa la lita 200, lisuguliwe utelezi wa kijani mara kwa mara.

MfugajiPongwe

Ahsanteni sana, nimeelewa ukuta na kitanda vinatangulia. Mawili zaidi. Kuna jirani anawamwagia ng'ombe maji kwa mpira saa saba mchana, inafaa kwa unyevu wetu? Na yule aliyekaushwa niliwaza nimtoe nje ya banda nipate nafasi, afungwe nyuma ya nyumba chini ya bati la kuku, maana hatoi maziwa.

KwatoNaKiwele

Huyo aliyekaushwa usimguse. Ndiye wa mwisho kumtoa kivulini, na ningesema ndiye wa kwanza kumpa kitanda kizuri. Florida, ambako hali ya hewa ina joto na unyevu kama huku, kundi la Geoffrey Dahl na Jimena Laporta wamefuatilia jambo hili kwa miaka mingi. Ng'ombe anayepata joto katika wiki za mwisho kabla ya kuzaa, kiwele chake hakijengeki upya sawasawa, na maziwa ya uzao unaofuata yanapungua kwa muda wote wa kukamuliwa hata kama baada ya kuzaa atapozwa. Ndama naye anazaliwa mwepesi na anafyonza kinga ya maziwa ya mwanzo vibaya zaidi. Walipowafuata ndama majike hao mpaka walipozaa wao wenyewe, waliopata joto tumboni walitoa takriban kilo 5 pungufu kwa siku katika uzao wa kwanza, ilhali wenyewe walilelewa sawa na wenzao. Hilo ni la Friziani wakubwa, kilo 5 zako hazitakuwa 5, ila mwelekeo ndio huo. Kumwacha mkavu chini ya bati la kuku ni kumkopa ndama kabla hajazaliwa.

Maji: yanafaa kwa masharti. Kinachopoza siyo maji, ni maji yanapokauka ngozini, na hewa yetu inakausha polepole. Bila upepo unamvika koti la mvuke. Kwa hiyo bomoa ukuta kwanza, au weka feni inayofikisha upepo wa mita 2 kwa sekunde mgongoni, ndipo uongee maji.

Ukimwaga, lowesha mabega na mgongo kwa matone makubwa mpaka yafike kwenye ngozi. Ukungu mwembamba unakaa juu ya manyoya na kumfunika, ni mbaya kuliko kutomwaga. Simamisha kabla maji hayajaanza kutiririka ubavuni kwenda kiweleni, maana maji machafu yakishuka kwenye chuchu umebadilisha joto kwa ugonjwa wa kiwele. Mwache akauke, kisha rudia. Davis, California, walilinganisha mabomba ya lita 1.3 na lita 4.9 kwa dakika: yote mawili yalipunguza kuhema na kuongeza maziwa ukilinganisha na wasiomwagiwa, na tofauti kati yake ilikuwa ndogo. Kwa hiyo mpira wa jirani kwa nusu saa ni kupoteza maji ya mamlaka. Fanyia horini kwenye zege lenye mteremko, kamwe siyo karibu na kitanda.

BintiMuheza

Nijibu ya ndama, naona wakaka wamejenga banda wakayasahau.

Pembe. Ushahidi upo na hauna utata. Mwaka 2013 Heather Neave na wenzake wa British Columbia waliwafundisha ndama kwamba skrini ya rangi moja ina maziwa na ya rangi nyingine haina kitu ila adhabu ndogo ya kusubiri. Kisha wakawaonyesha rangi za katikati, zisizoeleweka. Baada ya kuchomwa pembe, ndama walewale walizikaribia rangi za katikati mara chache kuliko mwanzo. Walikuwa wanatarajia mabaya. Na hao walipewa dawa wakati wa kuchomwa, ila ganzi ilikuwa imekwisha nguvu. Sasa mfikirie wa kwetu asiyepewa chochote. Maumivu hayaishi moshi ukiisha, na kidonda chenyewe huchukua wiki nyingi kufunga.

Utaratibu unaofaa: ndama wa wiki 2 hadi 8, kichipukizi kinapapaswa lakini hakijashikana na fuvu. Ganzi ya lignokeini asilimia 2, mililita 5 kila upande, inachomwa katikati ya kona ya nje ya jicho na shina la pembe, chini kidogo ya ukingo wa mfupa unaousikia kwa kidole. Subiri dakika 10, choma pembeni ya pembe kwa ncha ya sindano: akitikisa kichwa bado, ongeza subira. Wanaoharakisha hapa ndio wanaosema ganzi haifanyi kazi. Pamoja na ganzi apewe meloksikamu (dawa ya kutuliza maumivu), miligramu 0.5 kwa kilo ya uzito. Ndama wa kilo 40 kwa chupa ya miligramu 20 kwa mililita ni mililita 1. Ganzi inazuia uchungu wa saa mbili tatu, meloksikamu inashika zamu baada yake. Kimoja bila kingine ni nusu kazi. Dawa hizi ni za mkono wa daktari wa mifugo, siyo za kununua na kubahatisha. Chuma kiwe chekundu kweli, sekunde 10 hivi kwa kila kichipukizi. Chuma vuguvugu kinarudiwa mara nne na kinaunguza mpaka mfupa.

Dawa ya kupaka inayounguza pembe, wengine wanaipenda. Kwa ndama anayenyonya mama ni hatari: inahamia kwenye kiwele. Na mvua ikimkuta inachuruzika machoni.

Kutenga. Hapa sitasema kama wengine kwamba ni dhambi siku zote. Mwaka 2019 Annabelle Beaver na wenzake walizichambua tafiti za afya kuhusu kumtenga ndama mapema. Ile hoja iliyozoeleka, kwamba kutenga kunamkinga ndama na magonjwa, haikupata ushahidi wa kueleweka, na kwa mama, kunyonywa kulionekana ama hakubadili kitu au kunapunguza ugonjwa wa kiwele. EFSA nao mwaka 2023 walishauri angalau ndama abaki na mama kama siku moja, kisha alelewe na wenzake.

Kwetu hapa kuna njia ya kati ambayo wafugaji wa zebu wanaijua tangu zamani: ndama ananyonya kidogo ili maziwa yashuke, unakamua, kisha anarudishwa dakika 15 hadi 30 amalizie. Chotara wenye damu nyingi ya zebu wengine hawaachii maziwa bila hivyo. Anayeacha chuchu moja ya ndama aibadilishe kila siku, la sivyo kiwele kinapinda.

Ukimtenga, usimweke peke yake kwenye kizimba. Ndama wawili pamoja wanakula chakula kigeni mapema na wanajifunza mabadiliko haraka. Wale wa peke yao kwenye majaribio walishindwa kubadilika pale kanuni ya kupata maziwa ilipogeuzwa. Watu wanaogopa watanyonyana vitovu. Hilo linatokea hasa maziwa yakiwa machache na yakitolewa kwa ndoo bila chuchu. Lita 4 kwa siku ni kumshindisha njaa. Waliopewa wanywe watakavyo waliongezeka uzito kwa asilimia 63 zaidi kabla ya kuachishwa. Mpe lita 6 angalau, kwa chuchu ya raba, na baada ya kunywa mwachie chuchu tupu dakika 10.

Mabingobingo

Lita 6 kwa bei ya maziwa ya leo wengi watakimbia, BintiMuheza. Ndama dume hasa.

BintiMuheza

Dume ni hesabu ya mwenyewe, sikatai. Kwa jike anayetegemewa kukamuliwa, kipunguzwe kingine.

FundiBanda

Kitu kimoja cha bei ya chai ambacho hakijatajwa: burashi. Mwaka 2018 watafiti wa British Columbia walimfanya ng'ombe asukume lango lililoongezwa uzito ili afike kwenye burashi ya kujikuna, na wakalinganisha na lango la kwenda kwenye chakula kipya. Alisukuma uzito uleule kwa vyote viwili. Chukua vichwa viwili vya fagio gumu la kufagilia sakafu, yale ya nyuzi ngumu za plastiki, vifunge kwa bolti kwenye nguzo: kimoja wima kimo cha shingo, kingine cha mlalo kimo cha juu ya mgongo, kwa kilo 400 ni kama mita 1.3. Bolti zizamishwe ndani ya mbao, vichwa visitokeze vikamchana ngozi. Usiweke karibu na kitanda, maana wanaopanga foleni watamsumbua aliyelala. Nyuzi zikilala badilisha.

Na ukishamaliza vitanda, kabla ya kumlipa fundi, mpime ng'ombe anavyolala. Anza kuhesabu goti la mbele linapokunjwa, maliza matako yakiwa yametua na mguu wa mbele umevutwa nje ya kifua. Kwenye vipimo vya Welfare Quality (utaratibu wa Ulaya wa kupima ustawi wa mifugo) wastani wa sekunde 5.2 au chini ni sawa, ukizidi 6.3 kitanda kina kasoro kubwa. Pima mara kadhaa kwa kila mmoja, na mara nyingi kosa utalikuta kwenye boriti ya shingo: ilegeze, isogeze mbele kwa sentimita 10, pima tena.